Barua za Wasomaji: Basi la Mwanza kwenye Barabara za Java

Katika toleo lililopita niliandika kuhusu vijana wa Mwanza wanaochukua gemu la simu lililotengenezwa Indonesia, wakayavua mabasi yake sura ya asili na kuyavika sura ya mabasi yanayoondoka stendi ya Nyegezi kila alfajiri, wakibadilisha bodi, rangi, maandishi ya kioo cha nyuma na hata honi. Nilisema kwamba kazi hiyo, ambayo wao huiita kumodi, inastahili kutazamwa na mwanaanthropolojia kwa makini yale yale anayoyatumia kutazama harusi, mnada au msiba. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa na mhariri, na baadhi ni kali. Nimechagua zile zinazoligusa jambo lenyewe, nikazifupisha bila kuzilainisha.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Kila nikiamka usiku namkuta na simu anachora mabasi. Nikimuuliza, anasema hachezi, anafanya kazi. Ni kazi gani hiyo isiyolipa? Nimnyang'anye simu?* — Mama wa Pasiansi

Marahaba, mama, na pole kwa usiku unaokatika vipande. Nianze na anachokifanya kijana, kwa sababu katika mambo haya hukumu nyingi hutolewa kabla ya kutazama. Gemu lenyewe, Bus Simulator Indonesia, lililotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, limeachiwa mlango wazi makusudi: mchezaji anaruhusiwa kuingiza picha yake mwenyewe ikawa rangi na michoro ya basi, na mwenye ujuzi zaidi anaweza kuingiza gari zima aliloliunda. Mchoro huo hauchorwi juu ya basi lililosimama. Huchorwa juu ya picha bapa ambamo ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mbele, nyuma na paa vimetandazwa kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani, na mchoraji hana budi kujua kichwani ni mstari upi utakaokutana na upi pindi ngozi itakaporudishwa mwilini. Asiyejua hupata basi ambalo jina la kampuni limekatwa na mlango, na kundi zima humcheka. Kwa hiyo anaposema kwamba hachezi, anakwambia kweli, na pengine anaumia kidogo kwamba huoni tofauti.

Kuhusu usiku, sababu huenda ni ya kawaida kuliko unavyohofia. Bando za usiku mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, mchana simu hupita mikononi mwa watu wengi nyumbani, na wenzake wote wako macho saa hizo hizo. Hiyo ni sababu, haiwi ruhusa. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuuingiza uchezaji wa magemu uliopita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kulipa gemu kipaumbele kuliko shughuli nyingine za maisha, na kuendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa muda usiopungua miezi 12. Kuchora mabasi peke yake hakutoshi kumweka mtoto katika kundi hilo. Ikiwa anashuka darasani, hali chakula vizuri, na anawaka hasira kila anapoombwa kuiweka simu chini, hapo umwone mtaalamu wa afya bila kusubiri.

Swali lako la kazi isiyolipa ni kali kuliko maswali mengi ya wasomi. Mtafiti Julian Kücklich alilishughulikia mwaka 2005, akaonyesha kwamba mchezaji anayemodi anafanya jambo ambalo ni mchezo na kazi kwa wakati mmoja, na kwamba kampuni yenye gemu hunufaika mara kadhaa: gemu linaongezwa uhai bila kulipia, linafika mahali ambapo kampuni isingefika, na vipaji vinajifunza bila gharama yake. Kijana wako naye hupata ujuzi na jina. Kama mizani hiyo ni ya haki, mimi nina shaka, lakini yeye si mjinga kuikubali, maana katika umri wake ni kazi chache za mjini zinazotoa hata hilo jina. Simu usimnyang'anye. Kaa naye mchana, akuonyeshe basi alilolichora, umuulize ameagizwa na nani na nani alilikosoa. Kisha weka saa ambayo simu italala sebuleni, kwa sababu mwakani Novemba ana mtihani wa kidato cha nne, na mtihani huo hauna modi.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni mzee wa Kisesa, na ujanani nilicheza ngoma upande wa Bagika. Nimesoma ulivyowapamba vijana wanaoiga vitu vya Waindonesia. Ngoma zetu zinakufa, na wewe msomi unashangilia uigaji. Je, huo ndio utamaduni?* — Mzee wa Kisesa

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako ndiyo iliyonikalisha kitako kwa muda mrefu zaidi, na nitaijibu kwa mambo unayoyajua kuliko mimi, ukinisahihisha panapostahili.

Bagika na Bagalu, kama inavyosimuliwa, walitokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waganga walioshindana kwa ngoma na dawa hadi wafuasi wao wakawa makundi mawili yaliyogawa Usukuma mzima. Kanuni ya shindano ni kwamba makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna meza ya waamuzi wala alama za kuandika. Kwa kuwa hukumu iko miguuni mwa watazamaji, kila kundi lililazimika kuja na jipya: huyu alileta chatu, yule akaleta nungunungu, mwingine akaleta sanamu za mbao zinazochezeshwa, na jipya hilo lilifichwa hadi siku yenyewe ili upande wa pili usiliige. Ukikaa na vijana wanaomodi kwa juma zima kabla hawajatoa basi jipya, utakuta usiri ule ule, majigambo yale yale ya kumtangazia hasimu kwamba ana siku chache za kufurahia, na hukumu ile ile, kwa sababu kinachohesabiwa mwishoni ni wangapi wamehamia upande wa nani. Sidai kwamba vijana hao wameirithi ngoma. Wengi wao hawajawahi hata kuiona. Nadai kwamba mji na vijiji vinavyouzunguka vimezoea kuamua ubora kwa njia hiyo, na mazoea huweza kupita kwa watu wasiojua yametoka wapi.

Halafu kuna suala la uigaji. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ilizaliwa pwani ngoma ya beni, iliyochukua gwaride na tarumbeta za majeshi ya Wazungu ikazifanya ngoma ya mashindano, yenye makundi ya Marini na Arinoti, na yenye wafalme, majenerali na madaktari waliopewa vyeo na wenzao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilisambaa na askari na wapagazi hadi mbali bara. Wakoloni wengine waliicheka wakidhani ni uigaji wa kitoto, wengine waliiogopa wakidhani ni njama. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeichunguza alionyesha kwamba vyama hivyo vilizika wafu wao, vilisaidia wageni waliofika mjini bila ndugu, na vilikuwa na hazina ya michango. Kilichoonekana kuwa cha kigeni kwa sare na milio kilikuwa cha wenyeji kwa kazi kiliyoifanya. Kizazi kilichofuata kilifanya jambo la aina hiyo kwenye vibanda umiza, pale wasimulizi kama Lufufu walipochukua filamu za Hong Kong na za Marekani wakaziwekea Kiswahili juu yake, si kwa kutafsiri neno kwa neno bali kwa kumpa mhusika wa mbali tabia za jirani tunayemfahamu. Nasita kuita mambo hayo uigaji, kwa maana mwigaji hutaka afanane na anayemwiga.

Na wewe, mzee, unaishi karibu na ushahidi mkubwa kuliko yote. Bulabo, shindano la ngoma ambalo kila Juni hujaza uwanja wa Bujora, linafuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya Kanisa Katoliki. Na kituo cha Bujora chenyewe kilianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, aliyeona ni sawa alama za utemi wa Kisukuma ziingie kanisani. Sherehe ya kigeni ilipokelewa, ikafunguliwa, ikajazwa ngoma, na leo wapo wanaoitetea kuwa ni ya jadi, nami naona wana haki.

Kuna jambo moja ambalo nakubaliana nawe bila ubishi. Ngoma ilifundishwa na wazee, nayo iliendana na kulima pamoja, kiasi kwamba mcheza ngoma mzuri aliyekuwa mvivu shambani hakuficha uvivu wake. Katika kumodi, mzee wa kundi ana miaka 22 na hakuna shamba. Ujuzi unapita upesi, ila hauna mtu mzima wa kurekebisha mwenendo. Hapo ngoma imeshinda, na sijaona bado kitu kinachojaza pengo hilo.

*Nimemwona mpwa wangu akicheza. Basi limeandikwa Mwanza – Dar, lakini linapita kwenye mashamba ya mpunga na vituo vya kulipia barabara ambavyo sivijui. Hakuna mawe, hakuna Mwaloni, hakuna bodaboda. Mji wenyewe uko wapi?* — Msomaji wa Kirumba

Umeona sawasawa: basi ni letu, barabara ni ya kisiwa cha Java. Sababu moja ya mchanganyiko huo kuvumilika ni kwamba Indonesia, sawa na Tanzania, huendesha magari upande wa kushoto na usukani uko kulia, hivyo dereva wa Nyegezi haoni kitu kinachomkera mkononi. Sababu nyingine ni kwamba Java ina utamaduni wa mabasi unaofanana sana na wetu: kampuni zenye mashabiki, mabasi yenye majina, karakana zinazojenga bodi juu ya chesisi zilizonunuliwa ng'ambo. Mwaka 2016 watoto wa vijijini huko walipata umaarufu duniani kwa kusimama kando ya barabara wakiwaomba madereva wapige honi zenye muziki, huku wakiwaita kwa heshima kama mtoto wa hapa anavyomwita mtu mzima anko, na watengenezaji wa gemu wakaiweka honi hiyo ndani yake. Mtoto aliyewahi kusimama Usagara akimpungia mkono dereva wa basi la mkoani hahitaji kuelezwa raha ya jambo hilo. Tumezoea kudhani kila kitu cha mtandaoni hutoka Marekani au Ulaya. Hiki kimevuka Bahari ya Hindi, kama vitu vingi vya Waswahili vilivyotangulia.

Sasa mawe. Kila kitu kinachoonekana ndani ya gemu kimeundwa kwa vipande vidogo bapa vilivyounganishwa, na kila kipande ni mzigo kwa simu. Basi ni sanduku lenye pembe chache, kwa hiyo ni rahisi. Jiwe la Mwanza ni jambo jingine kabisa: halina upande ulio sawa na mwingine, limepandana na wenzake, na juu yake, ukitazama Mabatini au Igogo, zimepanda nyumba ambazo nazo hazifanani, na ngazi, na vijia, na matangi ya maji. Kuliunda jiwe moja kwa uaminifu kungegharimu zaidi ya basi zima, na simu za bei nafuu walizonazo vijana zingezimika. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, la urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, ni rahisi kuliko Jiwe la Bismarck, yale mawe maarufu yaliyopandana ziwani Mwanza, kwa kuwa nguzo moja ikishaundwa hurudiwa. Ndiyo maana sishangai kwamba katika miji inayoundwa upya ndani ya magemu, madaraja na barabara huja mapema na vilima huchelewa.

Lakini mawe si kitu kikubwa kuliko vyote kinachokosekana. Kinachokosekana ni kungoja. Mji huu una saa nyingi za kungoja: haisi ijae Buzuruga, pantoni itie nanga Kamanga, dagaa ikauke, umeme urudi. Kabla ya daraja, abiria wa kwenda Sengerema na Geita alimaliza sehemu ya siku yake kwenye foleni ya kivuko, na katika foleni hiyo watu waliuziana samaki, walipatana bei, na nadhani hata ndoa zilianzia humo. Gemu huanza abiria akiwa tayari kupanda. Sijui gemu lolote ambalo mtu amelimodi ili aongeze foleni, na silaumu. Mtu hutengeneza upya kile anachokitamani, na huyu anatamani safari.

Mji uliokosekana barabarani nimeukuta kwenye sauti. Gemu hili huruhusu wachezaji kadhaa kusafiri pamoja mtandaoni, na katika kundi moja la WhatsApp lililonikubalia niketi nao, safari za usiku hupangwa kwa ratiba, na kila gari lina dereva, na kuna meneja, na kuna mkaguzi ambaye humwandikia faini ya mdomo dereva anayezidisha kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu ambao mabasi yetu yanaruhusiwa kisheria. Ndani ya gemu hakuna anayewakataza kwenda 120. Wanajiwekea sheria ya barabara ya Shinyanga katika nchi isiyo na trafiki, kwa sababu bila sheria hiyo safari haiwi ya kweli. Wakati huo huo mmoja wao anapiga debe kwa ujumbe wa sauti, kwa maneno ya Nyegezi yenyewe, pamoja na matusi yake. Mzee wa Kisesa atakumbuka majenerali wa beni. Na mwenzao mmoja alipofiwa na baba, kundi lile lile lilichangisha rambirambi, meneja wa mabasi yasiyokuwepo akawa mweka hazina wa fedha halisi, na orodha ya waliotoa ikabandikwa kwa majina yao ya udereva.

Nimalizie na njia faili zinavyosafiri, maana hapo pia kuna mji. Kinadharia modi hupakuliwa kutoka intaneti. Kwa vitendo, bando ni ghali, hivyo mmoja hupakua na wengine huja kwake, na faili huhama kutoka simu hadi simu kwa Xender au kwa memori kadi, kwenye banda la gemu, kwa kinyozi, kwenye kijiwe cha bodaboda. Mtafiti AbdouMaliq Simone, akiandika kuhusu Johannesburg mwaka 2004, alisema kwamba katika miji ya Afrika watu wenyewe ndio miundombinu. Sikumwelewa hasa hadi nilipoona gemu zito likivuka kutoka Igoma hadi Kisesa mfukoni mwa konda.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Malimbe. Nilidhani anthropolojia ni kwenda kijijini na daftari. Utafiti wa mtandaoni unafanywaje, na je, wenzako wanaukubali?* — Mwanafunzi

Kijiji na daftari vina historia yake. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alipoishi visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliweka desturi ya mtafiti kukaa, kujifunza lugha na kushiriki. Hapa kwetu Hans Cory alikusanya sheria na mila za Wasukuma akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kazi yake, yenye thamani kubwa kwa mwanahistoria, ilikusudiwa kuwasaidia watawala watawale. Kumbuka hilo kila unapoambiwa kwamba utafiti wa gemu si utafiti mzito: uzito wa somo si wa kijiji wala wa simu, ni wa swali na wa anayenufaika na jibu.

Kuhusu njia, kuna misimamo miwili. Mwanaanthropolojia Tom Boellstorff, kati ya mwaka 2004 na 2007, alifanya utafiti ndani ya Second Life, ulimwengu wa kompyuta uliofunguliwa mwaka 2003, akiwa na mwili wa kuchorwa na nyumba ya kuchorwa, na alishikilia kwamba maisha ya humo yanaweza kueleweka kwa masharti yake yenyewe bila kumtafuta mtu nyuma ya kioo. Watafiti Daniel Miller na Don Slater, waliotazama intaneti katika kisiwa cha Trinidad, huko Karibi, mwishoni mwa miaka ya 1990, walianza na mahali, wakaona kwamba watu waliingia mtandaoni wakiwa Watrinidadi na wakatumia mtandao kuwa Watrinidadi zaidi. Mimi niko na hao wa pili. Huko alikokuwa Boellstorff wachezaji wengi hawakujuana sura. Hapa wanaoendesha pamoja usiku wamekutana mchana Mlango Mmoja wakichagua mitumba.

Kwa utaratibu, omba ruhusa kabla ya kuingia kundini, jitambulishe kwa kazi yako, usinakili ujumbe wa mtu bila kumweleza utautumia wapi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo limepita mipaka ya adabu na kuwa wajibu. Na ukikosa pa kuanzia, anza na swali dogo: simu hii ni ya nani, na nani anaitumia saa ngapi.

*Mimi ni kondakta, Nyegezi. Vijana wameweka basi letu kwenye gemu, jina, rangi, hata namba za gari na jina la dereva wetu. Hawakuomba. Huo si wizi?* — Konda

Sehemu yake inaweza kuwa kosa, na sehemu yake ni sifa mliyopewa bure. Jina na nembo ya kampuni vikiwa vimesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, vinalindwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, hivyo kijana anayeuza modi yenye nembo yenu anajiweka pabaya kuliko yule anayeigawa bila malipo. Gemu lenyewe ni mali ya Maleo, na ruhusa waliyoitoa ni ya kuingiza gari ndani ya gemu lao. Haiwezi kuwa ruhusa ya kutumia nembo ya mtu mwingine. Namba halisi za gari na jina la dereva ni jambo ambalo ningewaomba vijana waliache kabisa, kwa sababu modi hupigwa picha za video zikasambazwa, na gari la kuchorwa likipinduliwa kwa mzaha huku limebeba namba halisi, taharuki inayozuka si ya kuchorwa.

Lakini nakuomba nawe ulitazame basi lenu upande wa nyuma. Mara nyingi nimeona mabasi na haisi zetu zikiwa na picha za wachezaji wa Ulaya, nembo za klabu na sura za wanamuziki, na sijasikia kampuni ikisema iliomba. Mji wote unakopa sura. Mabosi wako wangefanya busara kuwaita vijana hao, wawape picha sahihi za basi jipya, na wawaombe namba zibadilishwe.

*Kwenye banda la gemu mtaani kwetu hakuna msichana hata mmoja. Je, kumodi ni kazi ya wanaume?* — Dada wa Nyamanoro

Hapana. Gemu la The Sims, lililotoka mwaka 2000, kwa miaka mingi limejazwa nguo, nywele na samani zilizotengenezwa na wachezaji, na wanawake ni wengi mno miongoni mwa watengenezaji hao. Kinachowazuia wasichana wa mtaani kwako ni mlango wa banda, saa za jioni ambazo wao wako jikoni, na kompyuta ya nyumbani ambayo kaka huikalia kwanza. Blender, programu ya kuundia bodi za magari, ni ya bure tangu mwaka 2002, pale wapenzi wake walipochangishana euro 100,000 wakainunua na kuiacha wazi kwa wote. Inahitaji kompyuta na muda. Kama shule yako ina maabara ya kompyuta inayofungwa saa nane mchana, huko ndiko pa kudai funguo kabla ya kwenda kugombana na banda.

*Nimeunda basi kwa miezi. Mtu amelichukua, amefuta jina langu, analiuza kwenye makundi. Nifanye nini?* — Kijana wa Igoma

Ugomvi wako una umri wa kumodi kwenyewe. Gemu la kompyuta la Doom lilipotoka Desemba 1993, liliweka ramani na picha katika faili tofauti na injini, yaani programu inayoliendesha gemu, hivyo wachezaji waliweza kubadilisha bila kuharibu. Na muda mfupi baadaye wakawa na desturi ya kuambatisha faili dogo la maandishi lililosema nani ametengeneza, amechukua nini kwa nani, na kama wengine wanaruhusiwa kukitumia au la. Gemu la Counter-Strike lilianza mwaka 1999 kama modi ya gemu jingine, Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, na mwaka uliofuata likanunuliwa na Valve, kampuni yenye Half-Life. Wengi hukumbuka hadithi hiyo tu. Aprili 2015 Valve na Bethesda, kampuni yenye gemu la Skyrim, walipojaribu kuruhusu modi za gemu hilo ziuzwe, mtengenezaji akipata asilimia 25, ulizuka mtafaruku mkubwa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba modi zilizouzwa zilikuwa na vipande vya watu wengine ndani yake; mpango ukafutwa baada ya siku chache.

Nitakwambia ninavyoona, ingawa hutapenda nusu yake. Dai lako la kutajwa jina ni zito, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mtunzi kutajwa. Dai lako la fedha ni jepesi zaidi, kwa sababu basi lako limesimama juu ya gemu la Maleo na limevaa nembo ya kampuni ya watu, na ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, utaulizwa kwanza ulikuwa na ruhusa gani wewe. Kwa hiyo peleka shauri kundini kwanza. Chukua faili la awali, lile ambalo matabaka ya mchoro bado hayajaunganishwa, kwa kuwa mwizi hana hilo, uwaonyeshe wanaoheshimika kundini na uombe muuzaji atangazwe kwa jina. Basi lijalo liwekee saini mahali ambapo ikifutwa mchoro unaharibika, kwa mfano katikati ya mkunjo wa mlango wa abiria, na uambatishe faili la maandishi, kwa Kiswahili, likisema nani aruhusiwe kufanya nini.